Saa Mbili, Meskel Square

Nilisimama saa nne na robo kwenye uwanja katikati ya Addis Ababa, begi mgongoni, nikimsubiri mtu ambaye sikuwahi kumwona ana kwa ana. Mfukoni nilikuwa na nambari yake ya simu, nimeiandika kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari. Simu yangu ilikuwa na chaji lakini haikuwa na laini ya huko. Walipita watu wengi sana mbele yangu, karibu wote na simu mkononi. Sikumwomba hata mmoja anisaidie kupiga. Sikumuuliza hata mmoja ni saa ngapi.

Ilikuwa Alhamisi, tarehe 27 Februari 2025. Wacha nianze mwanzo, kwa sababu kosa lilianza mapema kuliko nilivyodhani.

Mwezi huo nilikuwa nimelipwa makala mbili kwa mpigo, jambo ambalo kwa mwandishi wa kujitegemea hutokea kama kupatwa kwa jua. Nililipa kodi ya nyumba, nikalipa deni la duka, nikabaki na kama 25,000. Mtu mwenye akili angeweka akiba. Mimi nilifungua ramani nikajiuliza: ni mji gani wa nje ninaoweza kufika bila visa na bila ndege? Kampala nilishafika. Arusha pia. Mkenya hahitaji visa kuingia Ethiopia, na lami siku hizi imefika hadi mpakani. Wazee bado wanasimulia enzi za Isiolo kwenda Moyale juu ya lori, vumbi kwenye meno, hujui utafika lini. Sasa unapanda basi Eastleigh jioni, unalala vibaya, unaamka Marsabit na baridi yake, na kabla jua halijakolea uko Moyale, karibu kilomita 800 kutoka nyumbani. Nauli yangu ilikuwa 2,500.

Addis nilikuwa na dada mmoja tuliyefahamiana kwenye warsha ya uandishi ya mtandaoni. Wiki sita tulisomeana kazi kila Jumanne jioni. Alikuwa na kicheko cha kuchelewa, mtu anasema jambo la kuchekesha, sote tunacheka, tunanyamaza, halafu yeye ndiyo anaanza. Siku ya mwisho aliniambia, "Ukija Addis, utalala kwetu." Watu husema hivyo. Mimi nilishika neno lake kama lilivyo, kwa sababu hoteli sikuwa na uwezo nayo.

Moyale ni mji mmoja uliokatwa na mpaka. Tangu Desemba 2020 kuna kituo cha pamoja, unagongewa mhuri wa kutoka na wa kuingia mahali pamoja. Ukishapita, magari yanahamia upande wa kulia wa barabara, na mwili wako unakataa kuamini. Lakini lugha bado ni yako. Vijana wa Kiborana wa upande wa Ethiopia walinibadilishia pesa kwa Kiswahili, wakanitania kwa Kiswahili, wakanionyesha pa kulala kwa Kiswahili. Hata hesabu ilikuwa nyepesi. Serikali ya Ethiopia ilikuwa imeiacha birr ijitafutie bei sokoni tangu Julai 2024, ikashuka sana, na nilipofika birr moja ilikuwa karibu sawa na shilingi yetu moja.

Kijana aliyeniuzia tiketi ya basi aliandika 11:00. Nikakunja uso.

"Saa kumi na moja, dada. Alfajiri. Usichelewe, hatungoji mtu."

Nikasema sawa, nikaweka tiketi kwenye daftari. Sikushangaa hata kidogo. Saa kumi na moja alfajiri ni saa kumi na moja alfajiri. Kwamba simu yangu ingeiita 5:00 na yeye ameandika 11:00, niliona tu kwamba ameandika vile tunavyotamka, labda kwa ajili yangu kwa kuwa natoka Kenya. Tulielewana kwa sababu tuliongea Kiswahili. Ningetulia dakika moja nikaitazama ile karatasi, ningejiokolea mengi.

*

Mabasi ya masafa marefu kule hayasafiri usiku. Yanaondoka alfajiri na kulala njiani. Siku ya kwanza ilikuwa ya ukame, ngamia na vizuizi vya polisi, kila baada ya muda tunashushwa, tunapapaswa, tunapanda tena. Tukapita Yabelo, kisha nchi ikaanza kupanda na kugeuka kijani, na karibu na Dilla kulikuwa na migomba ya ajabu kila boma. Jirani yangu akanieleza kwa ishara kwamba haizai ndizi, kinacholiwa ni shina lake. Usiku tukalala Hawassa, kando ya ziwa.

Gesti niliyolala ilikuwa na Wi-Fi. Nikamwandikia mwenyeji wangu kwa Kiingereza, lugha yetu ya warsha, kwamba kesho adhuhuri nitakuwa Addis. Akajibu upesi: "Karibu! 2:00, Meskel Square, kwenye ngazi. Nikitoka kazini nakuja moja kwa moja."

Sentensi hiyo ya mwisho niliisoma nikaipita. Nani hutoka kazini saa nane mchana, siku ya Alhamisi? Lakini nilikuwa nimechoka, na 2:00 iliingia sawasawa na mpango wangu. Tungefika karibu saa sita mchana, nitafute usafiri hadi mjini, nibaki na muda. Nikalala fiti kabisa.

Kesho yake tukapita Shashemene, ule mji ambao Haile Selassie alitoa ardhi kwa watu weusi wa ng'ambo waliotaka kurudi Afrika, na ambako Marasta kutoka Jamaika walikuja kuishi. Tukapita maziwa ya Bonde la Ufa, bonde letu lilelile likiwa na majina mengine, tukaingia barabara kuu ya kulipia, kisha maghala, kisha magorofa yasiyoisha. Basi likatumwaga Kality, kusini mwa jiji.

Addis iko juu ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari. Sisi wa Nairobi tunajiona watu wa nyanda za juu, lakini hapo tumezidiwa zaidi ya mita 500, na begi langu la kilo kumi lilinikumbusha kila hatua. Niliingia kwenye teksi, ambayo ni matatu kabisa, imepakwa buluu chini na nyeupe juu. Makanga wao wanaitwa weyala na wanaita majina ya vituo vilevile wetu wanavyoita, kama wimbo uliokwama. Jina Stadium nililishika, nikaruka ndani. Abiria wa mbele yangu alipotaka kushuka alisema "weraj ale", dereva akasimama. Nikalihifadhi neno hilo. Kwangu mimi, mji huanza kuwa mji siku unapojua kusema "shukisha".

Saa nane kasoro dakika kumi nilikuwa kwenye ngazi za Meskel Square.

*

Meskel Square ni nusu duara kubwa ya ngazi pana zinazoshuka kuelekea barabarani, kama ukumbi wa maonyesho usio na paa. Mwisho wa Septemba, mkesha wa sikukuu ya Msalaba, maelfu hukusanyika hapo kuzunguka moto mkubwa. Enzi za Mengistu paliitwa Uwanja wa Mapinduzi, na hapo pembeni leo kuna makumbusho ya wahanga wa Ugaidi Mwekundu, watu waliouawa na utawala wake miaka ya sabini. Siku za kawaida wanariadha wanafanya mazoezi kwenye ngazi hizo, wanakimbia ngazi moja hadi mwisho, wanapanda ya pili, wanarudi.

2:00 ikafika. 2:30, nikajiambia ni foleni. 3:00, nikajiambia ni bosi. 4:00 nilianza kutunga kichwani ujumbe ambao ningemtumia nikipata Wi-Fi. Ulikuwa na heshima. 5:00 niliutunga upya, heshima ikapungua.

Vijana watatu waliokuwa wakikimbia wakasimama karibu yangu kupumua. Mmoja akaniuliza natoka wapi.

"Kenya."

"Kenya! Kipchoge!" Halafu akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Raila. Pole."

Siku kumi na mbili tu zilikuwa zimepita tangu tarehe 15 Februari, siku ambayo, katika jiji hilohilo, uenyekiti wa Tume ya Umoja wa Afrika ulimwendea Mahmoud Ali Youssouf wa Djibouti baada ya raundi saba za kura. Nikapokea rambirambi kwa niaba ya taifa. Tukacheka. Walikaa nami dakika kumi nzima. Mmoja alikuwa na simu imefungwa mkononi kwa mkanda. Nilikuwa na nambari mfukoni. Nikawaaga kwa tabasamu la mtu ambaye mambo yake yako sawa.

Siku ya kwanza ninaenda Nairobi kuanza chuo, mathe alinipa onyo kwenye steji ya Nyahururu. "Tembea kama mtu anayejua anakoenda. Usisimame katikati ya njia. Usimuulize mtu njia, wakijua we ni mgeni wamekumaliza." Kwa Nairobi lilikuwa onyo zuri, limeniokoa pale River Road zaidi ya mara moja. Tatizo ni kwamba nililimeza lote. Nikawa mtu anayetembea kama anajua anakoenda hata akiwa amepotea kabisa, na mtu wa aina hiyo hakuna anayemsaidia, kwa sababu hakuna anayejua.

Saa kumi na mbili na robo jua lilikuwa linaondoka na baridi inapanda kutoka kwenye saruji. Nikabeba begi. Moyoni nilikuwa nimeshaandika mwisho wa urafiki.

*

Kwenye daftari nilikuwa na jina la gesti ya bei ya chini huko Piassa, nimelinakili kutoka kwa msafiri mmoja aliyeandika miaka mingi iliyopita. Piassa ni mtaa wa kale, jina lake limetokana na neno la Kiitaliano. Nilishuka mahali ambapo ramani ya yule msafiri ilisema, nikakuta barabara mpya pana, taa zinazong'aa, nyasi, na nafasi tupu. Sehemu kubwa ya Piassa ya zamani ilibomolewa 2024 kwa ajili ya mradi wa barabara na mandhari ya jiji. Gesti yangu ilikuwa imekuwa njia ya waenda kwa miguu.

Giza likaingia. Sasa nilikuwa ninatembea haraka sana kama mtu anayejua anakoenda. Nikaona bango: PENSION. Nikafikiri ni ofisi ya pesa za wastaafu, nikapita. Nikaona la pili. La tatu lilikuwa na picha ya kitanda. Kumbe ndivyo wanavyoita gesti. Nikaingia.

Mama mwenye nyumba alisema 700, nikasema 400, tukamaliza 500. Chumba kilikuwa na kitanda, ndoo, na mlango wenye komeo legevu. Nikausukumia begi. Nililala na jaketi, nikisikiliza viatu kwenye korido, kila jozi nikiihesabu mpaka ipite.

Nilipokosa usingizi nilikumbuka korido nyingine. Mwaka wangu wa tatu chuoni, 2021, somo moja halikuwa na alama zangu. Nilikuwa nimefanya mtihani, nilikuwa nimepita, lakini kwenye orodha palikuwa na kistari. Kwa wanaojua, kistari hicho ni ugonjwa wa kawaida, na dawa yake ni kwenda ofisini kwa mwalimu kuuliza. Nilikwenda. Mlango ulikuwa wazi kidogo, alikuwa anaongea na simu. Nilisimama kwenye korido, nikatazama mabango ukutani, nikaondoka. Wiki iliyofuata vilevile. Kisha nikajikuta na deni la karo la 38,000, nalo sikumuuliza mtu lilipwe vipi. Muhula mmoja sikujisajili. Wa pili pia. Hakuna aliyenifukuza. Niliondoka chuoni kwa mwendo uleule wa mtu anayejua anakoenda.

Kwa muda niliandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao za chuo, kwa dola chache kila ukurasa. Niliyeshindwa kumaliza digrii yangu niliwasaidia wengine kumaliza zao. Kisha programu za akili bandia zikaja, kazi hiyo ikakauka, nikaanza kuandika kwa jina langu. Mathe alikuwa anajua nilimaliza. Alikuwa anajua cheti kimekwama kwa sababu ya mambo ya ofisi. Kila Desemba aliniuliza, kila Desemba kilikuwa bado kimekwama.

*

Asubuhi nilitoka chumbani nikakuta harufu ya kahawa inakaangwa. Mama mwenye nyumba alikuwa amekaa kwenye kigoda, majani mabichi yametandazwa sakafuni, jiko la makaa mbele yake. Akaniashiria nikae. Nikatafuta neno la kukataa kwa adabu, sikulipata, nikakaa.

Kahawa yao hainywewi mbio. Inaoshwa ikiwa mbichi, inakaangwa mbele yako, unaletewa moshi wake unuse, inatwangwa, inachemshwa kwenye jebena, chungu cheusi chenye shingo ndefu. Vikombe ni vidogo na ni vitatu, kila kimoja na jina lake. Cha kwanza abol, cha pili tona. Cha tatu aliponimiminia akasema, "Baraka."

Neno hilo sikuhitaji kutafsiriwa. Akaona nimeshtuka, akafurahi. Tukaanza mchezo. Sukari, yeye sikwar. Chai, shai. Sabuni, samuna. Salaam, selam. Kila neno lililofanana alipiga goti lake kwa kiganja. Halafu nikasema "saa", nikionyesha kifundo cha mkono. "Se'at!" akasema, akanyoosha kidole juu ya kichwa changu.

Kulikuwa na saa ya ukutani. Ilisema 2:10.

Nikafikiri imekufa. Lakini mshale wa sekunde ulikuwa unatembea. Nikatoa simu: 8:10. Nikamwonyesha. Akaitazama simu yangu kwa huruma, kama mtu anavyotazama kitu cha mtoto kilichoharibika, akainua vidole viwili. Mbili.

Saa mbili na dakika kumi. Asubuhi.

Sisi tunatazama mshale ulio kwenye 8 na mdomo unasema saa mbili. Tangu utotoni tunasahihisha saa kwa mdomo, na hatuoni ajabu. Wao wameamua saa yenyewe iseme ukweli. Siku inaanza jua linapochomoza, kwao na kwetu. Tofauti ni kwamba wao hawana haja ya kujumlisha sita.

2:00, Meskel Square. Nikitoka kazini nakuja moja kwa moja. Saa mbili. Saa mbili usiku.

Nilitoa ile karatasi mfukoni. Ilikuwa imelainika kama kitambaa. Nikamnyooshea mama, nikaonyesha simu yake, nikaweka kiganja kifuani. Ilinichukua labda sekunde tatu. Akapiga nambari mwenyewe, akanipa.

Mwenyeji wangu aliposikia sauti yangu hakusema kitu kwa muda. Halafu, "Uko hai?"

Alikuwa amekuja saa mbili juu ya alama, na kaka yake mdogo. Walizunguka uwanja mzima wakiita jina langu. Walikaa mpaka saa nne usiku. Mama yake hakulala.

"Nilikuwa hapo tangu saa nane," nikasema. "Mchana."

"Mchana? Kwa nini mchana?"

"Uliandika 2:00."

"Ndiyo. Saa mbili." Akanyamaza. "Wageni wengine huwa ninawabadilishia. Wewe nilijua hakuna haja. Si wewe ndiye uliyetufundisha kwenye warsha kwamba Waswahili mnahesabu kama sisi?"

Ni kweli. Nilikuwa nimeandika hadithi iliyoanza saa tatu asubuhi, wenzetu wa Ulaya wakadhani mhusika ameamka usiku wa manane, nami nikatoa mhadhara. Yeye peke yake ndiye aliyesema, kwetu pia ni hivyo. Aliniandikia kwa saa yetu sote wawili. Mimi niliisoma kwa Kiingereza.

"Lakini saa nne zote hizo," akasema, "hukumuuliza mtu?"

Nikacheka. Yeye akanyamaza, halafu, kama kawaida yake, akaanza kucheka baadaye.

*

Walikuja kunichukua wote watatu, hata mama mtu, kama jamaa wanaokwenda kumtoa mtu hospitali. Nyumbani kwao tulikula kwenye sinia moja. Kwaresima ya Kiorthodoksi ilikuwa imeanza siku ya Jumatatu, siku 55 bila nyama, maziwa wala mayai, kwa hivyo juu ya injera palikuwa na shiro, dengu, kabeji na sukuma yao inayoitwa gomen. Mama mtu alikunja tonge kubwa akaninyooshea mdomoni. Hiyo inaitwa gursha. Huwezi kuipokea kwa mkono. Lazima ufungue mdomo kama mtoto, mbele za watu, ulishwe. Nilijaribu kuipokea kwa mkono. Akausukuma mkono wangu.

Ukutani palikuwa na kalenda ya kanisa. Nilimwomba rafiki yangu anisomee. "Yekatit 21, 2017." Kalenda yao iko nyuma ya yetu kwa miaka saba au minane, kutegemea mwezi, na ina miezi kumi na mitatu. Wageni hupenda kutania kwamba ukishuka Addis unapunguza umri. Nikapiga hesabu. 2017 nilikuwa Fomu 4. Sijafanya KCSE, sijaona korido yoyote, mathe hajadanganywa. Ilikuwa hesabu tamu, ikadumu kama dakika moja. Magoti yangu bado yalikuwa yanauma kwa ngazi za jana.

Mama akauliza jambo. Rafiki yangu akatafsiri: "Anauliza ulisomea nini chuoni."

Jibu nilikuwa nalo tayari, nimelitumia miaka minne, lina hata jina la shahada. Mdomo ukafunguka.

"Sikumaliza," nikasema. "Niliacha. Nyumbani hawajui."

Rafiki yangu alinitazama kidogo kabla ya kutafsiri. Kwenye warsha nako nilikuwa nimejitambulisha vingine. Akatafsiri yote, hata ile sehemu ya mwisho. Mama akasikiliza, akaendelea kukunja injera.

"Ayzosh," akasema.

Neno hilo anaambiwa mwanamke aliyejikwaa, aliyefiwa, anayepanda mlima. Liko katikati ya pole yetu na jikaze. Halafu akaninyooshea tonge lingine, na safari hii nikafungua mdomo.

*

Nilikaa kwao siku tano. Nilimwona Dinkinesh, ambaye dunia inamwita Lucy, mifupa ya miaka milioni 3.2 iliyopatikana 1974, mfupi kuliko mtoto wa darasa la pili. Nilipanda treni ya umeme. Nilipotea mara sita Merkato, na mara zote sita niliuliza. Mara moja nilielekezwa vibaya, na mara moja mtu alinidai pesa kwa kunionyesha njia, kwa hivyo msidhani ninawaambia Addis ni mbinguni. Mathe hakukosea kuhusu miji. Ila kupotea na kuuliza kulinigharimu birr 50 kwa jumla. Kutouliza siku ya kwanza kulinigharimu 500, na usiku mmoja wa usingizi wa watu wanne.

Siku ya tatu niliazima simu ya rafiki yangu nikampigia mathe. Nilimwambia niko Ethiopia, akapiga kelele kidogo. Nilimwambia la chuo. Nilisema upesi, kama mtu anayeng'oa plasta: kistari, korido, 38,000, miaka minne.

Kimya. Nikasikia kuku wake nyuma.

"Umesema elfu thelathini na nane?"

"Ndiyo."

"Hiyo tu?"

Sikuwa na jibu. Akashusha pumzi.

"Ukirudi tutaongea," akasema. Kila mtu aliyelelewa Kenya anajua uzito wa maneno hayo. Halafu, kabla hajakata, "Na usirudi mikono mitupu. Hiyo kahawa yao nasikia ni nzuri."

Tukaongea, niliporudi. Hayo ni ya kwetu. Cheti bado sina, na sijui kama nitarudi kukitafuta. Lakini Desemba hii hatauliza kimekwama wapi.

Siku ya kuondoka nilikwenda Kality kununua tiketi. Mwuzaji aliandika 11:00. Nilijua kabisa ni saa kumi na moja alfajiri. Ningeapa mbele ya hakimu. Nikainua ile karatasi nikamuuliza hata hivyo, kisha nikamuuliza mama aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni, kisha askari wa getini. Wote watatu wakanijibu kwa vidole na kwa subira. Alfajiri. Usichelewe.